Kabla Hujamwambia Babu "Nenda Saiba"



Ndugu yangu, dada yangu, hii si makala ya kukukanya uache simu. Hizo umeshazisoma za kutosha. Hapa nataka kukiri jambo nililolifanya mimi mwenyewe, halafu ujipime kama na wewe umo.

Babu yangu mzaa mama ana zaidi ya miaka 70. Mwishoni mwa mwaka 2024, NHIF ilipoondolewa na kila mtu akaambiwa ajisajili na SHA, alinijia nikiwa nimelala kwenye kochi, simu mkononi. Akaniambia, "Mjukuu wangu, hebu nisaidie na hili jambo la SHA." Nikamjibu bila hata kuinua macho: "Babu, nenda saiba. Ni shilingi mia mbili tu." Hakulalamika. Alikwenda kwa miguu, akalipa, akarudi, akasema mambo tayari.

Miezi mitatu baadaye sukari ilimpanda tukampeleka hospitali. Karani akaingiza namba ya kitambulisho, kisha akasema namba ya kuthibitisha imetumwa kwa simu, asomewe. Simu ya babu ikawa kimya. Tukangoja. Karani akatuma tena. Kimya. Mwishowe akatuonyesha skrini: tarakimu za mwisho za namba iliyosajiliwa hazikuwa za babu. Zilikuwa za kijana wa saiba. Tulipompigia, hapatikani. Tukaambiwa kijana yule ameshahamia mji mwingine. Siku ile tulilipa pesa taslimu, na pesa zenyewe tulizikopa kwa jirani.

Yule kijana sikumlaumu sana. Alikuwa na foleni ya wazee mbele yake, wengine hawakumbuki namba zao, wengine hawana laini kabisa, akaona njia ya mkato ni kuweka namba yake. Niliyemlaumu ni yule aliyekuwa kwenye kochi na bando la kutosha.

Tunapozungumza juu ya umri na intaneti, mazungumzo huishia kwenye mzaha. Vijana wako TikTok, wazazi wako Facebook, wazee wanatuma picha za maua za "Jumaa Mubarak" kila Ijumaa asubuhi. Tunacheka, tunaendelea. Lakini jambo hili si la mzaha tena, kwa sababu haki zetu nyingi zimehamishiwa kwenye skrini. Asiyeweza kuifungua skrini hiyo mwenyewe, haki yake iko mkononi mwa mtu mwingine.

Takwimu zenyewe zinasema hivi. Shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, ITU, lilikadiria kwamba mwaka 2024, katika dunia nzima, vijana wa miaka 15 hadi 24 waliotumia intaneti walikuwa asilimia 79. Watu wa umri mwingine wote walikuwa asilimia 66. Afrika, ukichanganya wakubwa kwa wadogo, ilikuwa asilimia 38 tu. Hapa Kenya, sensa ya 2019 iliuliza swali hilo kwa watu wa miaka 3 kwenda juu. Waliokuwa na simu ya mkononi walikuwa asilimia 47.3. Waliotumia intaneti walikuwa asilimia 22.6. Tangu wakati huo mambo yamebadilika sana, hilo sote tunaliona. Lakini angalia takwimu kama hizi zinahesabu nini: umetumia au hukutumia. Hazikuulizi akaunti iko kwa jina la nani, namba ya siri anayo nani, na simu yenyewe ni ya nani. Babu yangu leo angehesabiwa kuwa "amesajiliwa kidijitali". Amesajiliwa kweli, ila ufunguo uko kwa kijana wa saiba.

Tukumbuke pia jambo hili ni jipya kiasi gani. Kebo ya TEAMS, iliyovutwa chini ya bahari kutoka Fujairah kule Falme za Kiarabu mpaka Mombasa, ilizinduliwa mwaka 2009. Kabla ya kebo zile, intaneti yetu ilipitia setilaiti, ghali na ya kusuasua. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule hajui Kenya nyingine. Mzee aliyekuwa na miaka 60 mwaka ule alikuwa ameshafanya kazi, ameoa, amelea, amejenga na amezika wazazi wake bila kuhitaji neno la siri hata moja. Halafu tunashangaa kwa nini anauliza swali moja mara tatu.

Na usidanganyike kwamba wazee hawawezi kujifunza. Ushahidi uko mfukoni mwao. M-Pesa ilianza Machi 2007. Leo bibi anayeuza mahamri anapokea na kutuma pesa bila kukuita wewe. Aliwezaje? Kwanza, ilifanya kazi kwenye kabambe, si lazima simu ya kugusa. Pili, haikuhitaji intaneti. Tatu, menyu inapatikana kwa Kiswahili. Nne, palikuwa na mtu dukani, mtu wa mtaa, anayemjua kwa jina, wa kumuuliza akikwama. Tano, aliona faida yake siku ile ile: pesa ya mwanawe imefika.

Angalia pia wazazi wenye watoto Ughaibuni. Kina mama wengi wa Mombasa, Lamu na Eastleigh walijifunza imo kabla hawajajua barua pepe ni nini, kwa sababu binti yuko Dubai na kule simu za WhatsApp zimefungwa. Hakuna aliyewafanyia semina. Walikuwa na sababu, na palikuwa na mtu wa kuwaonyesha mara ya kwanza. Basi.

Kwa hiyo pengo la umri ni la namna mambo yalivyotengenezwa, zaidi ya kuwa pengo la akili. Serikali ilipohamishia huduma zake kwenye eCitizen, ikatangaza zaidi ya huduma 5,000 mwaka 2023 na malipo yote kupitia namba moja ya 222222, yale mambo matano ya M-Pesa wengi hawakuyaona. Fomu nyingi ni za Kiingereza. Inahitajika barua pepe. Inahitajika neno la siri lenye herufi kubwa, ndogo, tarakimu na alama. Na mtu wa kumuuliza ndiye yule yule wa saiba, kwa malipo. Mzee wa miaka 70 anayepokea shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii akitozwa mia mbili kila anapotaka kuiona serikali, hiyo ni asilimia 10 ya pesa yake ya mwezi. Umri wake ndio unaomtoza. Na Katiba, Kifungu cha 27, inakataza ubaguzi kwa misingi kadhaa na umri umo. Kifungu cha 57 kinamtaja mzee moja kwa moja: ashiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, na aishi kwa heshima.

Sasa tugeuze upande wa pili, maana na sisi vijana hatuko sawa sote. Husemwa kwamba vijana wote wako mtandaoni. Wapi? Kusajili laini unahitaji kitambulisho. Na wewe unayesoma hapa ukiwa Garissa, Wajir au Mandera, au wewe Mnubi wa Kibra, unajua kitambulisho kilivyokuwa kwetu. Mwenzako wa mkoa mwingine anatimiza miaka 18, anajaza fomu, anachukua. Wewe unaitwa mbele ya kamati, unaulizwa babu wa babu yako alizaliwa wapi. Februari 2025 Rais alitangaza akiwa Wajir kwamba ule uchunguzi wa ziada kwa kaunti za mpakani umeondolewa. Tunalipokea, na tunafuatilia kama kila ofisi inatekeleza. Lakini waliosubiri miaka walipoteza nini? Bila kitambulisho, hakuna laini ya jina lako. Bila laini, hakuna M-Pesa yako, hakuna eCitizen yako, hakuna ombi la kazi wala la mkopo wa chuo. Kijana wa miaka 22 anatumia laini ya mama yake, huku mama naye anatumia namba ya kijana wa saiba. Takwimu zinasema huyu ni kijana, yuko kwenye kundi lililounganishwa. Kwa haki, hana tofauti na babu yangu.

Kila umri una shimo lake pia. Tunapenda kuwacheka wazazi kwa kufowadi kila kitu: dawa ya kitunguu saumu, hadithi isiyo na isnadi, onyo la "tuma kwa watu kumi". Ni kweli tatizo lipo. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2019 kuhusu uchaguzi wao wa 2016 uliona kwamba watumiaji wa Facebook wenye zaidi ya miaka 65 walisambaza habari kutoka tovuti za uongo karibu mara 7 kuliko vijana. Lakini utafiti ule ule uliona kwamba watu walio wengi hawakusambaza hata moja. WhatsApp nayo ilipoona uongo unaua watu huko India, iliweka kikomo cha kufowadi kwa mazungumzo matano kwa mara moja, na kikomo hicho hakikuuliza umri wa mtu.

Na sisi je? Ni nani aliyejaza deni la apu za mikopo? Ni nani anayekesha na michezo ya kamari kwenye simu, akitafuta mara mia ya shilingi hamsini yake? Ni nani aliyeona tangazo la kazi nzuri Thailand mtandaoni, akapanda ndege, akajikuta kwenye makambi ya utapeli kule Myanmar? Walikuwa vijana wa Kenya, wasomi, wenye simu nzuri. Mzee anadanganywa kwa sababu haijui skrini. Kijana anadanganywa kwa sababu anadhani anaijua. Suratul Hujurat imetuamrisha kuhakikisha habari kabla hatujawadhuru watu kwa kutojua, na haikusema amri hiyo ni kwa wenye mvi tu.

Basi nini nataka kwako? Nataka ukumbuke Juni 2024. Mswada wa Fedha ulikuwa kitabu kizito cha lugha ya kisheria. Vijana waliukata vipande vipande, wakaueleza kwa video za dakika moja, wengine kwa Kiswahili, wengine kwa lugha za nyumbani kwao. Mtu aliyekuwa hajawahi kusoma mswada alijua mkate unaguswa wapi na mafuta ya kupikia yanaguswa wapi. Tarehe 25 vijana walijaa barabarani, na wako waliopoteza maisha yao siku ile. Tarehe 26 Rais akasema hatautia saini. Yote yale yalianza na kazi moja: kuichukua lugha ya serikali na kuiweka kwenye lugha ya watu. Kazi ile unaiweza. Swali langu ni kwa nini iishie kwenye skrini ya kijana mwenzako, isifike kibarazani kwa wazee wanaokunywa kahawa.

Tuanze na nyumba zetu. Haya ni mambo ya kufanya wiki hii hii, si ya mwaka ujao.

Kwanza, kagua namba. Keti na baba, mama, bibi, babu, uliza: namba iliyosajiliwa SHA ni ya nani? Ya eCitizen ni ya nani? Barua pepe iliyotumika ni ya nani? Ukikuta ni ya saiba, ya mjumbe, au ya mjomba aliyehama, anza kuibadilisha kabla hajaumwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mtu haki ya kutaka taarifa zake zenye makosa zisahihishwe. Si hisani wanayokufanyia, ni haki yake.

Pili, usimfanyie, mfundishe. Najua kumfanyia ni haraka zaidi. Unamnyang'anya simu, unabonyeza, unamrudishia, "Tayari." Lakini kila unapofanya hivyo umemzidishia utegemezi, na siku utakapokuwa chuoni au Doha atarudi saiba. Mwache abonyeze yeye. Kidole kitatetemeka, atakosea, atarudi mwanzo. Kaa naye. Yeye alikaa nawe ulipokuwa unajifunza alifu na bee.

Tatu, namba ya siri ni amana. Wangapi kati yetu tunazijua pini za M-Pesa za wazazi wetu? Wangapi tumewahi "kuazima" mia moja kutoka humo? Tusemezane ukweli. Ukiona mzee anashindwa kuikumbuka, msaidieni mkiwa familia kwa njia mliyokubaliana, si kwa wewe peke yako kuwa benki yake.

Nne, usimcheke. Siku utakayomcheka kwa swali lake la kwanza, la pili hatauliza. Atamuuliza tapeli anayempigia simu na kumwambia, "Mama, nimekosea nimekutumia pesa." Tapeli ana subira kuliko wewe, na hapo ndipo anapokushinda.

Tano, nenda na hili msikitini na mtaani. Mnao vijana kumi wenye simu na nusu saa baada ya Asri siku ya Jumamosi? Wekeni meza nje ya msikiti au madrasa, wazee na kina mama waje na simu zao, waondoke wakiwa wamesajiliwa kwa namba zao wenyewe. Bila malipo, na bila kupiga picha vitambulisho vya watu. Dada zetu wasimamie meza ya kina mama, maana wapo wengi wanaotumia simu ya mume au ya mtoto, na hawatasema mbele ya wanaume.

Lakini nisiiache serikali itoke mlango wa nyuma. Meza yetu ya Jumamosi haiwezi kuwa badala ya wajibu wake. Tunayodai ni rahisi kueleweka. Kila huduma iliyo mtandaoni iwe na dirisha lenye binadamu, pasipo kumtoza mzee. Fomu ziwe kwa Kiswahili, lugha ya taifa kwa Kifungu cha 7 cha Katiba. Mgonjwa asikataliwe au kutozwa kwa sababu tu ujumbe wa kuthibitisha umeenda kwa simu nyingine. Matangazo ya kuwaita wananchi watoe maoni yasibaki kwenye tovuti tu, yafike redioni, misikitini, makanisani na kwenye mabaraza ya chifu. Na tusiseme kwamba kudai hakufai kitu. Serikali ilipotaka karo za shule za umma zilipwe kupitia eCitizen, wananchi walikwenda mahakamani, na Aprili 2025 Mahakama Kuu ikalibatilisha agizo hilo.

Nimalizie pale nilipoanzia. Ilituchukua safari tatu kubadilisha namba ya babu. Ilipokamilika, nilikaa naye jioni tatu baada ya Maghrib, kabambe yake mezani, tukapiga *147# pamoja mpaka akaizoea. Jioni ya tatu akaniambia anataka pia kubadilisha pini ya M-Pesa, kwa sababu ile ya zamani tulikuwa tunaijua nyumba nzima. Nikamwonyesha mahali pa kubonyeza. Akanitazama akauliza, "Na hii mpya nimwambie nani?"

Nikamwambia, "Usimwambie mtu, babu."

"Hata wewe?"

"Hata mimi."

Akageuza simu upande wake, akaandika namba zake nne taratibu, akabonyeza. Nilikuwa nimempeleka hospitali, nimempeleka ofisini, nimemkopea pesa, lakini nadhani lile ndilo jambo la kwanza la maana nililomfanyia katika mambo haya yote: kukaa pale na kutotazama.

Kwa hiyo ndugu yangu, ukimaliza kusoma hapa, kabla hujashuka kwenye video inayofuata, nenda chumba cha pili. Kuna mtu pale ana simu, na ana swali ambalo ameacha kukuuliza.

Wabillahi tawfiq.